Injini ya baba haijafika: tudai pesa au tungoje?

Swali la msomaji wa Chumbageni, Tanga:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu. Baba yangu ana miaka 82. Alianza kazi reli akiwa mchochea moto, akapanda hadi udereva wa injini za mvuke njia ya Tanga kwenda Moshi, mpaka dizeli zilipochukua kazi. Miezi 29 iliyopita kaka yangu aliyeko Leicester alimwekea oda ya modeli ya injini ya mvuke ya Kiingereza, kipimo cha 1:76 (yaani ndogo mara 76 kuliko injini yenyewe), kwenye kampuni iliyoitangaza kabla ya kuitengeneza. Bei pauni 230, akatoa arubuni pauni 50. Tukamwambia baba. Tangu hapo tarehe imesogezwa mara nne. Februari walitoa picha ya injini ya kijivu, haina rangi, ina magurudumu ya chuma na mikono yote ya kuendeshea, plastiki yake inang'aa kama sahani mpya, kisha kimya. Kila Ijumaa baba akitoka msikitini ananiuliza, 'Gari limefika?' Je, tumetapeliwa? Tudai pesa au tungoje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa dalili ulizonipa hamjatapeliwa, na oda msiifute. Ila mzee asiendelee kungoja mikono mitupu. Hilo la pili ndilo lililonikalisha chini nikuandikie kwa kirefu, maana la kwanza lingekwisha kwa maneno machache. Ujana wangu wote niliumalizia karakana ya reli, na sasa ni zaidi ya miaka 20 nakarabati modeli za treni nyumbani kwangu Makorora. Wazee wa aina ya baba yako nawajua, na foleni mliyosimama naijua pia.

Hiyo picha ya Februari ni habari kubwa kuliko tarehe zote nne walizowapa. Itafute tena, uikuze kwenye simu. Kama ubavuni mwa boila unaona vimistari vyembamba vimelaliana, mfano wa mawimbi madogo yanayobaki juu ya mchanga maji yakikupwa, basi hiyo imechapwa safu kwa safu na mashine inayofuata mchoro wa kompyuta. Ni ya kukagulia umbo. Gharama yake ndogo, na kampuni ikitaka kuiacha kesho haitaumia. Lakini kama uso ni laini na unang'aa, na ukikodoa macho unaona uzi mwembamba unaopita juu ya boila au pembeni, mahali nusu mbili za kalibu, kile chuma cha kuipa plastiki umbo, zilipokutana, basi kalibu imekwisha kukatwa. Hapo pesa nzito imekwisha kuwatoka, na njia ya kuirudisha ni moja tu: kuitengeneza injini na kuiuza.

Wewe umeniandikia kwamba ile ya kwenye picha ina magurudumu ya chuma na mikono yote ya kuendeshea, na kwamba plastiki yake "inang'aa kama sahani mpya". Mimi naamini imetoka kwenye kalibu.

Nikueleze kalibu yenyewe, maana ukiijua hutazisoma tena zile taarifa za kuchelewa kwa macho yale yale. Plastiki hupashwa moto mpaka ikawa kama uji mzito, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya chuma kigumu kilichochongwa kwa ndani, ikapoa, chuma kikafunguliwa. Kila unachokiona kwenye injini, ngazi, vishikio, kila ribiti ya tangi, kimechongwa kinyumenyume ndani ya chuma hicho: ribiti ikawa kishimo, mfereji ukawa ukingo. Kona ambazo kekee haifiki huchongwa kwa cheche za umeme. Kipande cha shaba chenye umbo linalotakiwa hushushwa taratibu juu ya chuma kilichozamishwa kwenye mafuta, cheche zinaruka katikati yao na kukila chuma chembe kwa chembe. Ukisimama kuitazama mashine hiyo, ukaenda kunywa chai ukarudi, utadhani imelala. Na injini moja ina kalibu kadhaa: ya boila, ya kebini, ya tenda (lile behewa la makaa na maji), na nyingine za zinki ya kuyeyushwa kwa ajili ya fremu na uzito. Kampuni hutumbukiza humo makumi ya maelfu ya pauni kabla ya kuuza hata injini moja.

Sasa, kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui, nalo ndilo linalokula miezi. Chuma cha kalibu kukipunguza ni rahisi, kukiongeza ni balaa. Sampuli ikitoka na bomba la moshi jembamba kuliko inavyotakiwa, fundi anarudi kwenye kalibu, anachimba kidogo, plastiki inanenepa, mambo yamekwisha. Ikitoka nene kupita kiasi, chuma kinabidi kijazwe kwa kuchomelewa na kuchongwa upya, au king'olewe kipande kizima kiwekwe kingine. Kwa hiyo mafundi wazoefu huikata kalibu kwa kubana, wakajiachia nafasi ya kuchimba baadaye. Sampuli ya kwanza hutoka imekonda hapa na pale, na watu wakiiona pichani hupiga kelele kwamba injini imeharibiwa. Haijaharibiwa, imeachiwa akiba. Kampuni inayotoa picha kama hiyo na kuorodhesha hadharani kasoro za kurekebisha mimi huiamini zaidi kuliko inayokaa kimya kisha ikatoa picha moja safi.

Baada ya kalibu inakuja zamu, na hapa ndipo tarehe zinapovunjika. Kampuni nyingi za Uingereza zinazouza modeli hazina kiwanda. Hornby walikuwa wakitengeneza kwao Margate, pwani ya Kent, mpaka miaka ya 1990 kazi ilipoanza kuhamia China. Bachmann wao wana ahueni kwa kuwa tangu 1987 wako chini ya Kader ya Hong Kong, na Kader ana viwanda vyake. Waliobaki wanapanga foleni kwenye viwanda vya kusini mwa China, na kiwanda kimoja kinawashonea watu kadhaa. Nasema kinawashonea kwa makusudi. Mkumbuke fundi cherehani wa Ngamiani mwezi wa Ramadhani. Umepeleka kitambaa mapema, umepimwa, umeahidiwa. Ukienda kujaribisha kanzu ukasema kola inabana, haishonwi upya pale pale: inakunjwa inawekwa kando, ya mwingine inapanda cherehani. Ukikawia siku mbili kurudi na jibu, zamu yako imekwenda, na kumi la mwisho limeingia. Ndivyo ilivyo huko. Kampuni ikichukua wiki tatu kukagua sampuli na kuandika marekebisho, inaweza kupoteza miezi mitatu ya zamu.

Juu ya hayo kuna Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Viwanda vinafungwa wiki mbili au zaidi, wafanyakazi wanakwenda mikoani kwao, na kila mwaka wapo wasiorudi. Wanaoajiriwa badala yao hufundishwa upya kazi ya vidole. Taarifa ikisema injini itatengenezwa "kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina", wewe isome hivi: ikikosa, ni Aprili kwenda mbele.

Kazi ya vidole nimeitaja kwa sababu hakuna mashine inayoiunganisha injini ya mvuke. Dizeli ni sanduku lenye magurudumu, haina shida. Mvuke ina ile mikono ya nje: mkono mkuu unaotoka kwenye pistoni, mkono unaounganisha magurudumu, na vile vijikono vidogo vya kuendesha valvu vinavyopanda na kushuka kama miguu ya panzi. Kwa kipimo cha 1:76 kijikono kimoja kinaweza kuwa chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kinafungwa kwa ribiti ndogo kama punje ya mtama. Ukiikaza mno, gurudumu linagoma. Ukiilegeza mno, kijikono kinajikunja injini ikirudi nyuma. Mtu amekaa chini ya taa na kibano, anafunga moja, anazungusha gurudumu kwa kidole, anasikiliza, anafunga ya pili. Kuharakisha kazi hiyo ni kuiharibu, na mimi sitaki iharakishwe.

Kisha rangi. Injini za Kiingereza zina mistari ya mapambo kuzunguka boila na tenda, na mistari hiyo haichorwi kwa brashi. Kuna bamba lililochongwa mstari, linapakwa wino, pedi laini ya silikoni inaubusu ule wino, inakwenda kuubandika juu ya injini, na kwa kuwa pedi ni laini inafuata mviringo wa boila bila kukunja mstari. Ni kama kanga: kila rangi ina chapa yake na zamu yake. Mstari mweupe, ukauke, mwekundu, ukauke, namba ya kebini, ikauke, nembo ya tenda. Ubavu wa kulia, halafu wa kushoto. Mstari ukisogea nusu milimita jicho linauona mara moja, na ganda hilo linatupwa. Kwa hiyo picha mnayoingoja sasa ni ya injini yenye rangi kamili. Ikishatoka hiyo na ikapitishwa, utengenezaji unakuwa karibu.

Zikikamilika zinapakiwa kontena, na hapo ni bahari tena. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za China kwenda Ulaya zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, jambo linaloongeza wiki moja na nusu hadi mbili hivi. Hatimaye bohari, kisha dukani, kisha kwa kaka yako. Nikijumlisha kwa uzoefu wangu, tangu picha ya injini iliyotoka kwenye kalibu mpaka injini kufika mlangoni ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ile miezi 29 inayokutisha ni ya jumla. Tangu tangazo la kwanza mpaka mkononi, miaka mitatu si ajabu katika biashara hii.

Mwambie kaka yako aache kuwauliza "lini?" Swali hilo wamelijibu mara nne na mara zote wamekosea, na mara ya tano watakosea vile vile. Awaulize kama sampuli yenye rangi imekwisha kupitishwa. Kama ndiyo, awaulize utengenezaji umeanza au bado unangoja zamu, na kama umekwisha, kontena limepakiwa wiki gani. Hayo ni mambo yaliyotokea au hayajatokea. Mtu mkweli huyajibu kwa mstari mmoja. Wakimjibu kwa maneno ya kuzunguka mara mbili mfululizo, hapo nami nitaanza kuwa na wasiwasi pamoja nanyi.

Na wasiwasi una mahali pake, nisikufiche. Kampuni ndogo huweza kufilisika ikiwa imeshika arubuni za watu. Hata reli yetu wenyewe imepitia hayo. Ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, na kampuni ya Kijerumani iliyoijenga ikaishiwa pesa. Serikali yao ikaichukua 1899, ndipo ikasogea Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Reli ilipata serikali ya kuiokoa. Mwenye oda ya modeli hapati serikali, kampuni ikifa anaingia kwenye mstari wa wadai wa mwisho kabisa, nao mara nyingi huondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo la muhimu ni arubuni ililipwaje. Kama kaka yako alitumia kadi ya mkopo ya Uingereza, sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inaibebesha benki dhamana pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Kinachohesabiwa ni bei ya kitu kizima, kwa hiyo arubuni ya pauni 50 kwenye injini ya pauni 230 inalindwa. Kama alitumia kadi ya kawaida ya akaunti, benki inaweza kujaribu kurudisha malipo, lakini huo ni utaratibu wa mitandao ya kadi na una muda wake. Kama alituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti yao, kinga ni ndogo sana. Amwombe muuzaji risiti, aiweke pamoja na barua pepe zote za tarehe. Na kampuni ikimtaka amalizie bei yote kabla utengenezaji haujaanza, akatae. Pauni 50 mnaweza kuzipoteza mkalala. Pauni 230 zitaingia hadi kwenye mazungumzo ya familia.

Nimesema msifute, na sababu nyingine ni hii: injini hizi hutengenezwa kwa mkupuo. Mkupuo ukiisha, kalibu zinafutwa vumbi zinawekwa stoo, na unaofuata unaweza kuja baada ya miaka mitano, kwa bei nyingine. Mwenye oda ya mapema ndiye mwenye uhakika.

Ikishafika Leicester kuna kosa moja nawaomba msilifanye. Watu wa kwetu wakinunua zawadi ng'ambo huiacha ndani ya boksi na utepe wake mpaka siku ya safari. Kwa modeli, hapana. Sheria ya Uingereza inampa mnunuzi wa mbali, aliyeagiza bila kwenda dukani, siku 14 baada ya kupokea kubadili mawazo, na siku 30 za kukataa kitu kibovu. Kaka yako akiikalisha miezi minne akingoja likizo, siku hizo zimekwisha. Mimi yalinipata. Mwaka 2019 niliagiza injini ndogo ya matangi, ile isiyo na tenda, kwa kampuni moja ya huko, ikaja 2022, na ndugu yangu akaileta imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Niliiweka relini mbele ya wajukuu. Kila ikifika kwenye makutano ya njia, inaruka. Nikatoa kalipa nikapima migongo ya magurudumu: kwa reli za kipimo hiki inatakiwa milimita 14.5 kati ya gurudumu na gurudumu la ekseli moja. Ekseli ya katikati ilikuwa 14.1. Muuzaji akaniambia niirudishe, na posta ya kwenda na kurudi ilikaribia nusu ya bei ya injini. Nikaivuta mwenyewe, chembe kwa chembe, nikitokwa jasho, na mpaka leo inatembea. Lakini si kila mtu ana kalipa nyumbani.

Basi aifungue siku ile ile. Aikague chini ya taa, vijikono vyote vimeshikana, hakuna kilichochomoka ndani ya boksi. Kama ana rafiki mwenye reli, au duka la karibu lina meza ya kujaribishia, aitembeze nusu saa mbele na nusu saa nyuma, bila kuvuta kitu, kwa mwendo wa wastani. Akija nayo, aibebe mkononi ndani ya ndege, boksi lake halizidi jozi ya viatu. Kwenye forodha aoneshe risiti na aseme ukweli, kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Umeme usiwape shida, plagi za Uingereza na zetu ni zile zile za miguu mitatu, na volti 230 ni zile zile. Kifaa chake cha kuendeshea kinashusha hadi volti 12 kabla ya kufika relini.

Kitakachowapa shida hapa ni hewa yetu. Chumbageni hamko mbali na bahari, na upepo wa chumvi unafanya reli na magurudumu yapate utando mweusi unaozuia umeme. Injini itaanza kusitasita na baba atasema imechoka. Haijachoka. Kitambaa safi chenye spiriti ya kusafishia, pitisha juu ya reli, shikiza kwenye magurudumu yakizunguka, basi. Ikiwa haitumiki, ikae kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mafuta tone moja dogo kwa ncha ya sindano kwenye kila ekseli, na si mafuta ya cherehani yale ya dukani mpaka uhakikishe hayali plastiki.

Sasa baba.

Jambo la kwanza, mwambie ukweli wote, na umwoneshe ile picha ya kijivu. Nadhani mmemficha kwa kumwonea huruma. Usimsomee taarifa ya kampuni. Mpe simu yenyewe, uikuze mkono wa pistoni, unyamaze. Mtu aliyechochea moto kisha akaendesha hadi Moshi atakwambia ile injini imesimama kwenye pembe gani ya gurudumu, na kama mvuke ukifunguliwa itaondoka kwa wepesi au itajikokota. Hiyo ni starehe yake, na haihitaji kontena.

La pili, ujitayarishe kusikia "hili si gari letu". Atakuwa sahihi. Reli yake ilikuwa ya mita moja. Hiyo mliyoagiza ni ya geji, yaani upana kati ya reli na reli, ya kawaida ya Ulaya, milimita 1,435, na kwenye kipimo cha 1:76 inakimbia juu ya reli ya milimita 16.5, ambayo kwa hesabu ni nyembamba kuliko inavyostahili. Waingereza walifika hapo zamani kwa sababu injini zao ni ndogo kuliko za Ulaya bara, na mota za wakati ule hazikuingia kwenye ganda la 1:87, kipimo cha modeli cha Ulaya bara, wakakuza ganda wakaacha reli ile ile. Reli ya baba yako kwa 1:87 ingekuwa ya milimita 12. Injini za East African Railways kama zile za kundi la 30, zilizojengwa Glasgow 1955 na 1956, soko lake ni dogo mno kubeba gharama ya kalibu nilizokueleza. Hilo linaniuma, nakiri. Moja yao, namba 3020 iliyoitwa Nyaturu, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, pamoja na lile jitu la Garratt, injini ndefu yenye viungo, namba 5930, Mount Shengena, lenye jina la mlima wa kwetu Upareni. Zile Garratt za majina ya milima zilikuwa 34, kazi ya Beyer, Peacock wa Manchester, na hakuna injini ya mvuke ya geji ya mita iliyozizidi nguvu. Kama afya ya mzee na mfuko wenu vinaruhusu safari ya Nairobi, mimi ningeifanya hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Pale atashika chuma chenyewe.

La tatu ndilo nililoahidi mwanzoni. Usimwache mtu wa miaka 82 aishi kwa kalenda ya kiwanda. Modeli ya mvuke iliyotumika, nzima, inapatikana Uingereza kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Kaka yako atafute ya injini ndogo ya matangi yenye mota nzuri, aitume na mtu wa kwanza anayekuja. Hiyo mpya ikifika itaikuta nyingine kwenye reli, nazo zitapishana.

Na kabla hata ya hiyo, mimi ninayo reli barazani, juu ya ubao wa futi 8 kwa 4, na ile injini yangu ya 14.1 iliyopona. Mlete Jumamosi baada ya alasiri. Ukifika Makorora uliza kwa mzee wa treni, watoto watakuonesha. Kiti nitamwekea upande wa stesheni, usawa wa macho na reli, na kidhibiti atashika yeye. Mwambie avae kofia yake ya kazi kama bado anayo.